Huu Mwanzi Umegunduliwa na Nani?

Wiki iliyopita mhariri wangu alinirudishia stori. Hakuniandikia barua pepe. Alinirudishia uso kwa uso, mbele ya watu, karatasi mkononi kama mwalimu wa darasa la nne anayerudisha daftari la hesabu.

"Hii ni nini?"

"Habari ya mwanzi, mkuu."

"Mwanzi umefanya nini?"

Nikamwambia mwanzi haujafanya kitu. Ni mwanzi unaoparamia miti, upo katika misitu ya milima ya Tanzania, ulipewa jina la kisayansi mwaka 1994, na wenzake wote wa jenasi yake wako ng'ambo ya bahari, Madagascar. Akaniangalia. Akauliza kama unatoa ulanzi. Nikasema sijasikia mtu anayeugema. Akauliza kama unatibu chochote. Nikasema sijui. Akauliza kama unaua. Nikasema hapana.

"Sasa kijana, mwaka 1994 wewe ulikuwa hata hujazaliwa. Hiyo ni historia, si habari. Niletee mwanzi uliogunduliwa jana."

Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka. Mshahara ni mshahara. Lakini neno lile la mwisho, "uliogunduliwa", limenikaa kichwani mpaka leo. Haya basi, gazeti limekataa, naandika hapa.

Kwanza tuufahamu mwenyewe. Ukimtajia mtu wa Dar es Salaam neno mwanzi, atafikiria uzio wa baa au fenicha za barabarani. Ukimtajia mtu wa Iringa au Njombe, atafikiria ulanzi, na hapo mazungumzo hayaishi mapema. Lakini mianzi ya ulanzi ni aina moja tu. Iko ile ya milimani, ya Meru na Rungwe, inayosimama mirefu na kushikana mpaka jua halipiti. Iko nyingine ya misitu ya miinuko ya chini, kama Usambara. Na uko huu wa nne ambao hatuusemi, kwa jina la kitaalamu Hickelia africana.

Bara zima la Afrika ni maskini wa mianzi. Aina za asili, zile zenye mashina magumu kama mti, zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Madagascar, kisiwa kimoja, ina zaidi ya 30. Huu mwanzi wetu wa nne ni wa ukoo wa kule. Ukoo huo unaishi Madagascar, Réunion, Comoro, na kwa upande wa bara unapatikana Tanzania tu. Soma tena sentensi hiyo. Kuna mmea ambao ndugu zake wako visiwani katika Bahari ya Hindi, wenyewe umekaa kwenye milima yetu, na sisi tunaojisifu kwa undugu wa Bahari ya Hindi hatuna hata sentensi moja ya Kiswahili juu yake.

Unaishije? Mwanzi wa kawaida unasimama kwa miguu yake. Mianzi ya namna hii haina nguvu hizo. Shina ni jembamba ukilinganisha na urefu wake. Linachomoza ardhini wima kama mianzi mingine, likifika juu linalegea na kuegemea mti wa jirani. Hauna vile vinyuzi vya kujizungusha kama vya mboga. Unashika kwa matawi. Kwenye fundo yanatoka matawi mengi kwa pamoja, yanapenya katikati ya matawi ya mti, yananasa, na shina linaendelea kupanda kutafuta mwanga. Mwisho unaukuta umelala juu ya miti kama blanketi lililoanikwa.

Sasa nirudi kwenye hilo neno.

Mwezi Desemba nilikwenda Mufindi kumsalimia mjomba, kaka yake mama. Kijiji chao kiko kando ya msitu, na msitu wenyewe umebaki vipande vipande katikati ya mashamba ya chai. Mjomba ni mtu wa miaka sabini na kitu, amefanya kazi za msitu tangu ujana wake, kukata njia, kuchonga mipini, kurina asali. Tulikaa na mbeta ya ulanzi. Yeye anakunywa mkangafu, ule uliolala ukakomaa. Mimi mtoto wa mjini nikapewa mtogwa, ule mtamu wa asubuhi, ambao wanapewa wageni na wanaonyonyesha.

Nikamsomea kutoka kwenye simu kwamba mwanzi unaoparamia miti uligunduliwa Tanzania na kutangazwa mwaka 1994.

Mjomba akaweka kikombe chini.

"Uligunduliwa? Ulikuwa umepotea?"

Nikacheka mpaka ulanzi ukanipalia. Kisha akanipeleka. Tulitembea kama saa moja, utelezi mtupu, viatu vyangu vya Kariakoo vikaachia soli. Akanionyesha bondeni mwanzi mwembamba uliopanda miti na kuning'inia. Akasema tangu akiwa mtoto wanapita chini ya hii kitu na mapanga, inawakera kwa sababu ukiikata haianguki, inabaki imenasa juu. Nikapiga picha kama arobaini.

Mpaka hapo ningeweza kuandika makala rahisi, na wengi wenu mngeipigia makofi. Mnaijua. Mzungu amekuja, ameonyeshwa na wenyeji, ameandika kwamba amegundua. Livingstone na maporomoko ya Mosi-oa-Tunya mwaka 1855. Hadithi hiyo tumeshaicheka vya kutosha, na ni kweli tupu. Lakini siku ile bondeni nilimuuliza mjomba swali ambalo lilinivurugia makala hiyo rahisi.

"Mnauitaje?"

Akafikiri. Akanitajia neno la Kihehe ambalo maana yake ni mwanzi tu. Nikamuuliza kama hauna jina la peke yake. Akasema hauna kazi, kwa nini uwe na jina? Wa ulanzi una majina hata ya hatua zake, tangu chipukizi mpaka unapochoka. Huu haugemwi, haujengi, hausuki kapu. Ni mwanzi wa porini.

Kwa hiyo mjomba aliuona maisha yake yote. Alijua si ule wa ulanzi. Alijua unavyoota, unavyonasa, unavyokera. Kitu kimoja hakukijua, na hakuwa na namna ya kukijua akiwa bondeni: kwamba mianzi ya ukoo huo iko Madagascar. Ili ujue hilo lazima uwe umeweka mwanzi wa huku na mwanzi wa kule juu ya meza moja.

Na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Jenasi ya Hickelia ilitajwa kwanza mwaka 1924 na mwanamama Mfaransa, Aimée Camus, kutokana na mmea wa Madagascar. Miaka 70 baadaye mtaalamu mwingine mwanamama, Soejatmi Dransfield, akifanya kazi kwenye bustani za Kew kule London, akapitia sampuli, akalinganisha, akaandika kwamba mwanzi huu wa Tanzania ni wa jenasi ileile, ila ni aina yake yenyewe. Na huyo Soejatmi Dransfield si Mzungu, kama mlivyoanza kudhani. Ni mtu wa Java, Indonesia. Amefanya mianzi ya Asia ya Kusini-Mashariki, amefanya ya Madagascar, akafika na kwetu.

Kwa hiyo tukubaliane kwanza na ukweli huu ambao hautufurahishi: kuona si kugundua. Kama kuona kungetosha, nyani wangekuwa maprofesa. Kugundua kwa maana ya sayansi ni kulinganisha, kuandika ili mwingine aweze kukagua, na kuacha sampuli mahali ambapo mtu yeyote anayebisha anaweza kwenda kuifungua. Sampuli moja huteuliwa kuwa sampuli mama. Jina linafungwa kwenye hiyo, kama hati ya nyumba. Hiyo ni kazi halali na ngumu, na mtu aliyeifanya astahili heshima yake.

Tena mara nyingi haifanyiki msituni. Inafanyika kabatini. Mwaka 2010 kundi la watafiti walichapisha kwenye jarida la PNAS hesabu iliyonishangaza. Walichukua mimea iliyotangazwa kuwa mipya, wakaangalia sampuli zake zilichumwa lini. Asilimia 16 tu ndiyo ilitangazwa ndani ya miaka mitano tangu kuchumwa mara ya kwanza. Karibu robo ilihusisha sampuli za zaidi ya miaka 50. Wakakadiria kwamba aina kama 70,000 za mimea ya maua bado hazijatajwa, na zaidi ya nusu yake zimeshachumwa zamani, zimekauka, zimebandikwa kwenye karatasi, zinasubiri mtu wa kuzitazama. Kew peke yake ina sampuli zaidi ya milioni 7. Huo nao ni msitu.

Sasa mianzi ina tatizo lake la ziada, na hapa ndipo ugomvi wangu na mhariri unapoanza kuwa wa kweli.

Mimea hutambuliwa sana kwa maua yake. Mianzi haichanui kila mwaka. Aina nyingi huchanua baada ya miaka mingi, nyingine makumi ya miaka, zikichanua zinachanua kwa pamoja, na baada ya hapo shamba zima linakauka. Mtaalamu anakuja wiki mbili, fedha za utafiti zinaisha, anaondoka na majani na vipande vya shina. Bila maua, sampuli inaingia kabatini na alama ya kuuliza.

Niliporudi Dar nilimwonyesha mtaalamu mmoja zile picha zangu arobaini. Alizitazama kwa upole, moja moja. Kisha akasema: "Inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa siyo. Hauna maua. Ukiuona na maua, nipigie simu hata usiku."

Kwa hiyo sidai kwamba mwanzi wa mjomba ndio Hickelia africana. Sina haki hiyo. Lakini tuulizane: ni nani atakayekuwa pale siku mwanzi ule utakapochanua? Mtaalamu wa London? Mimi, ambaye naomba ruhusa ya siku tatu kama naomba figo ya mtu? Atakuwepo mjomba. Au mtoto wa mjomba anayekata kuni. Nilimuuliza kama amewahi kuona maua yake. Akasema ndiyo, zamani, akiwa kijana ambaye hajaoa, bonde la upande wa pili lilikauka lote baada ya mwanzi kutoa "kama mpunga mbaya". Hakuna aliyemuuliza, kwa hiyo hakumwambia mtu. Tangu hapo hajaona tena.

Hebu fikirini. Taarifa ambayo mtaalamu angeipokea hata saa nane za usiku imekaa kichwani mwa mzee Mufindi kwa miaka karibu hamsini, kwa sababu hakuna aliyemweleza kwa lugha anayoisoma kwamba ni taarifa.

Msidhani haya ni mambo ya maua tu. Kule Mizoram, kaskazini-mashariki mwa India, kuna mwanzi unaochanua kila baada ya miaka kama 48. Ukichanua unamwaga matunda, panya wanakula na kuzaana, matunda yakiisha wanahamia mashambani na kumaliza mpunga. Wazee wa kule walikuwa na hesabu yake na jina la njaa yake, mautam. Kabla ya mwaka 1959 walionya. Baraza lao la wilaya likaomba msaada mapema kwa serikali ya jimbo la Assam, ambako walikuwa chini yake wakati huo. Ombi likakataliwa, maneno ya wazee yakaonekana ni ushirikina. Mwanzi ukachanua, panya wakaja, njaa ikaja. Chama cha kusaidia waliokumbwa na njaa kikageuka chama cha siasa, na mwaka 1966 kikaanzisha uasi wa silaha. Mkataba wa amani ulikuja kusainiwa 1986, miaka 20 baadaye. Yote hayo yalianza na mwanzi kutoa maua na ofisi kukataa kusikiliza. Mara ya pili, kuanzia 2006, serikali ilijiandaa kabla, kwa sababu safari hii iliwaamini wazee.

Mwanzi wetu haujulikani kuleta panya. Ninachosema ni kwamba mtu anayekaa na mmea ana kitu ambacho mwenye darubini hana, nacho ni muda.

Twende kwenye lugha. Kuna kanuni ya kimataifa ya kutaja mimea. Kuanzia mwaka 1935 mpaka mwisho wa 2011, ukitaka mmea wako mpya utambuliwe ilibidi uuandikie maelezo kwa Kilatini. Kilatini, lugha ambayo hakuna anayeitumia kununulia nyanya. Mkutano wa Melbourne wa mwaka 2011 ukalegeza, na kuanzia Januari 2012 unaweza kuandika kwa Kilatini au Kiingereza. Basi, milango miwili. Ukiandika kwa Kiswahili peke yake, Kiswahili chenye wasemaji milioni nyingi na hata siku yake ya kimataifa ya tarehe 7 Julai, mmea wako haujatangazwa. Kisheria haupo.

Sisemi tukaandamane Melbourne. Lugha moja au mbili za pamoja zina faida yake, Mchina na Mbrazili lazima waelewane. Lakini kanuni haikatazi kuongeza lugha ya tatu. Hakuna mahali imeandikwa kwamba ukishaweka maelezo ya Kiingereza ni mwiko kuweka aya moja ya Kiswahili chini yake, au kubandika karatasi moja kwenye ofisi ya kijiji. Hatufanyi kwa sababu hatujafikiria kwamba kuna mtu wa kuisoma.

Na jina lenyewe liko huru. Jina linaweza kutoka lugha yoyote, ilimradi livae nguo za Kilatini. Madagascar wamelitumia hilo. Mwaka 1998 yuleyule Soejatmi Dransfield alitangaza jenasi ya mianzi akaiita Valiha, jina la ala yao ya muziki ya nyuzi inayotengenezwa kwa mwanzi. Mwaka 2016 akatangaza jenasi nyingine ya mianzi inayoparamia, akaiita Sokinochloa. Sokina kwa Kimalagasi ni mnyama wa miiba anayefanana na kalunguyeye, na maua ya mianzi hiyo yamejikusanya kama mpira wenye miiba. Mtoto wa Kimalagasi akisikia jina hilo anaona kitu. Sisi tumepata africana. Barani Afrika, nchi 54, africana!

Kwetu si kwamba haijawahi kutokea. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa mlima Rungwe waliambiwa na wawindaji habari za nyani anayeitwa kipunji. Wakamtafuta, wakamwona, na mwaka 2005 akatangazwa kwenye jarida la Science kwa jina lilelile walilopewa, kipunji. Mwaka 2006 ikaonekana anastahili jenasi yake, akawa Rungwecebus kipunji. Nasoma jina hilo na kusikia mlima pamoja na watu waliousema. Majuzi tu, mwaka 2025, umetangazwa mti mkubwa wa Udzungwa, Tessmannia princeps, unaofika meta 40, na miongoni mwa waliouona mwaka 2019 na kushtuka kwamba huu hawaujui ni wajuzi wa mimea wenyeji, Aloyce na Ruben Mwakisoma. Majina yao yametajwa. Kwa hiyo inawezekana. Haimdhuru mtu.

Najua kuna msomaji ameshaanza kunung'unika. Watu hawana maji, ajira hakuna, umeme unakatika, wewe umekaa na mwanzi usiotoa hata ulanzi. Ndugu yangu, nakusikia, mimi pia napanga foleni ya maji kama wewe. Lakini maji yale yanatoka wapi? Yanatoka kwenye vipande vya msitu kama kile cha nyuma ya nyumba ya mjomba. Na kipande cha msitu kinapogombewa, mezani huulizwa kina nini ndani. Kitu kisicho na jina hakihesabiwi. Ni vigumu kiingie kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini, ni vigumu kitajwe kwenye ripoti ya athari za mazingira. Mwanasheria hawezi kutetea "ile kitu inayonasa juu". Jina ndilo kitambulisho cha taifa cha mmea, bila hicho hata benki hawakufungulii.

Na hapa lazima nijiseme mwenyewe. Nimeandika "wanasayansi wagundua" mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Taarifa inakuja kwa Kiingereza, naitafsiri kwa dakika ishirini, naweka kichwa cha habari, natoka kwenda kula. Sijawahi kupiga simu kijijini kuuliza mnauitaje, mnaujua, mara ya mwisho ulichanua lini, nani aliwaongoza watafiti. Nina shahada ya chuo kikuu ya uandishi wa habari, na nilihitaji mzee wa darasa la saba la zamani kuniuliza kama mwanzi ulikuwa umepotea. Mhariri wangu alikosea kusema si habari. Lakini mimi nilikosea zaidi, kwa sababu stori niliyompelekea haikuwa na mjomba ndani yake. Ilikuwa na Kew, na London, na mwaka 1994. Ningekuwa mimi mhariri labda nami ningeirudisha.

Basi leo nafanya nilichotakiwa kufanya. Hii hapa karatasi ya Kiswahili. Uisome, umpelekee mtu aliye karibu na msitu.

Ukiona mwanzi mwembamba uliopanda miti au kuning'inia juu yake, simama. Tazama chini kwanza: mashina yametoka kwa pamoja kwenye shina moja, au yametawanyika kila moja peke yake? Kata pingili moja: ina tundu ndani au imejaa? Tafuta chipukizi, uangalie ala inayolifunika. Ina vinyweleo vinavyowasha? Pale juu ya ala, inapokutana na kijani chake, kuna vitu kama masikio mawili, au hakuna? Nenda kwenye fundo: yametoka matawi mangapi, moja kubwa na madogo, au yote sawa? Andika yote kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Andika mahali na tarehe. Na ukiona kwenye ncha za matawi kitu kinachofanana na mpunga au mtama mkavu, hayo ndiyo maua. Hapo usiondoke. Kata tawi lenye maua na majani, lilaze katikati ya karatasi, liweke chini ya kitu kizito, badilisha karatasi kila siku mpaka likauke. Kisha lipeleke au mtafute mtaalamu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ghala la mimea iliyokaushwa, na Nairobi liko kubwa la Afrika Mashariki nzima. Usilitupe.

Muulize na mzee wa hapo kama amewahi kuona hivyo tena, na mwaka gani. Kama hakumbuki mwaka, muulize nani alizaliwa mwaka huo, au nani alikuwa rais. Andika jina lake pia. Hilo la mwisho ndilo tunalosahau siku zote.

Juzi nilimtumia mjomba mzigo kwa basi la Mafinga. Sukari, betri za tochi, na bunda la magazeti ya zamani, kama kilo tatu. Wataalamu wa mimea duniani kote hukausha sampuli zao ndani ya magazeti, karatasi yake inanyonya maji vizuri. Akanipigia jioni.

"Kamwene, mjomba. Haya magazeti nimepata. Nisome yote?"

"Hapana mjomba, yawekee yale maua siku yakitokea."

Akanyamaza kidogo.

"Na kama yatatokea nimeshakufa?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia amwonyeshe mwanawe mahali magazeti yalipo. Akasema ameshamwonyesha.